Mtoto na Kitabu cha Kwao

Msomaji mpenzi, mwulize leo mtoto wako: Kanisa letu lilijengwa mwaka gani? Nani walichoma matofali yake? Pengine atakutajia mito ya nchi za mbali bila kukosa, lakini haya hayajui. Usimkaripie. Hakuna mtu aliyemwandikia.

Sikilizeni habari ya mama mmoja wa Marekani, Lois Lenski, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufa mwaka 1974. Alikuwa mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Mama huyu alikwenda jimbo baada ya jimbo, akakaa na wakulima, akasikiliza maneno yao, akachora nyumba zao na vyombo vyao, kisha akaandika. Mwaka 1945 alitoa kitabu cha jimbo la Florida, jina lake Strawberry Girl. Mwaka 1946 kikapata nishani ya Newbery, ambayo kule hupewa mwandishi wa kitabu bora cha watoto.

Florida ina historia ndefu. Wahispania waliiona pwani yake siku ya Mtakatifu Augustino, tarehe 28 Agosti 1565, ndiyo maana mji walioujenga waliuita kwa jina lake, nao upo hata leo. Lakini Lenski hakuandika habari za wakubwa. Aliandika habari za Birdie Boyer, msichana wa miaka kumi, ambaye wazazi wake walihamia mahali pageni kulima stroberi, matunda madogo mekundu yazaayo karibu na udongo. Ni mambo ya mwanzo wa karne ya 20.

Zamani zile huko Florida mifugo iliachwa itembee ovyo. Sheria ya kuwalazimisha wenye ng'ombe kuwazuia ilikuja mwaka 1949. Basi ng'ombe na nguruwe wa jirani, Bwana Slater, waliingia shambani wakaharibu mazao. Boyer akajenga ua, ua ukakatwa. Nguruwe wakauawa, naye nyumbu wa kulimia akauawa. Slater alikuwa mlevi. Lakini ugonjwa ulipoingia nyumbani mwake, mke wa Boyer alikwenda kuwauguza watu wale wale waliomtesa. Mwishowe Slater alitubu, akaacha pombe.

Je, ndugu msomaji, habari hii ni ya Florida tu? Ni wangapi kati yetu wameshtakiana barazani kwa sababu ya mbuzi katika mihogo?

Na sasa tazameni matunda ya kazi hiyo. Watoto wa shule moja katika mashamba ya pamba ya Arkansas walimwandikia Lenski barua wakamwomba aje aandike habari zao pia. Akaenda. Kitabu chao kikatoka mwaka 1949. Watoto wale walikuwa wamefahamu jambo kubwa: kwamba maisha ya mtoto wa shamba yanastahili kuandikwa.

Mimi kazi yangu ni kutunza vitabu vya ubatizo na vya ndoa katika parokia. Siku moja alikuja kijana kutaka cheti. Nilipomwuliza jina la babu yake, alinyamaza. Nikafungua kitabu cha zamani, nikamwonyesha jina la yule mzee na mwaka aliobatizwa. Alilisoma mara tatu, kisha akaniomba kalamu alinakili. Lakini kitabu changu kina jina na tarehe tu. Hakisemi mzee yule alilima nini, wala aligombana na nani, wala walipatanaje. Hayo yalikuwa kichwani mwake, naye amekwisha zikwa.

Basi wazazi, nunueni daftari moja. Jumapili baada ya Misa, mtoto akae na bibi au babu, aulize maswali matatu, aandike majibu kama yalivyosemwa. Msimkataze kuandika njaa, wala ulevi, wala ugomvi. Lenski hakuyaficha, na kwa hiyo toba ya Slater inaaminika. Pale wasipojua wazee, njooni parokiani tutazame vitabu pamoja.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Wazee wetu wangalipo wachache. Anzeni Jumapili hii.