Kiongozi na Bustani Yake

Leo twawakaribisha tuingie pamoja katika bustani ya mboga, kwa maana huko tabia ya kiongozi huonekana mapema kuliko mkutanoni.

Tutazame kwanza kitalu. Miche michanga hutiliwa kivuli na kumwagiwa maji kila siku. Lakini mkulima mwenye busara, juma moja au mawili kabla ya kuihamisha, hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua la shambani. Asiyefanya hivyo huiona ikinyauka mara tu baada ya kuihamisha. Ndivyo alivyo mwenyekiti ambaye funguo zote anazo yeye, na barua zote huandika yeye. Vijana wake ni wazuri kivulini. Siku atakapoondoka, chama kitanyauka.

Tutazame pia sukuma wiki. Twachuma majani ya chini, na kile kichwa tunakiacha kikue. Mwenye pupa hukata kichwa. Amekula leo, na kesho atangoja sana. Kiongozi anayemtwika mshiriki mmoja mwenye bidii kazi zote, mpaka akachoka na kujitenga, naye amekata kichwa.

Tena wako wapendao siku ya kupanda tu, siku ya hotuba na picha. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hakuishia hapo. Akina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi, wala si kwa kupanda tu. Basi ikawabidi warudi kuitunza. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Na ule mti usiozaa? Katika Luka sura ya 13, mtunza shamba aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi. Lakini hakuomba kuketi na kungoja. Aliahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Saburi yake ilishika jembe.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hatujalifuta jina la mshiriki aliyelegea, na tujiulize: tangu alegee, ni nani kati yetu aliyekwenda kubisha hodi kwake? Ikiwa hakuna, basi mwaka wake mmoja bado haujaanza.

Hadi juma lijalo, kwaherini, na Mungu awabariki.