Njia ya Jalada: Upelelezi wa Polisi Jinja na Mbale

Jeshi la Polisi la Uganda ni moja kwa taifa zima, wala hakuna mji nchini humo wenye polisi wake wenyewe kama ilivyo katika miji ya Marekani, ambako mara nyingi meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi na anaweza kumwondoa. Askari wa Jinja, kwenye chimbuko la Mto Nile, na wenzao wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, hupokea amri kutoka Naguru, Kampala, yalipo makao makuu ya Inspekta Jenerali, kwa kupitia kamanda wa mkoa wa kipolisi, ambao kwa Jinja ni Kiira na kwa Mbale ni Elgon. Miji hiyo ilipopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, utawala wake uligawanywa katika divisheni, lakini mamlaka juu ya polisi hayakuhamia kwa meya. Hata kamati ya usalama ya jiji huongozwa na mwakilishi wa Rais. Mkazi anayetaka kujua kwa nini kesi ya wizi wa pikipiki imelala miezi sita hana budi, basi, kuufahamu muundo ambao madiwani wake hawana sauti kubwa ndani yake.

Ndani ya kituo kimoja mna mistari miwili ya amri. Mkuu wa kituo, ambaye watu humwita OC, anasimamia askari wenye sare: wanaokaa kaunta, wanaofanya doria na wanaolinda mahabusu. Pembeni yake yuko mkuu wa upelelezi, OC CID, ambaye maofisa wake huvaa kiraia. Katika mambo ya utawala huyu yuko chini ya kamanda wa polisi wa eneo, lakini katika kazi yenyewe ya upelelezi anawajibika kwa kurugenzi ya upelelezi wa makosa ya jinai iliyoko Kibuli, Kampala. Utaratibu huo una sababu nzuri, kwa kuwa haifai kamanda mwenye haraka ya kutuliza mji awe pia ndiye anayeamua nani ashtakiwe. Hata hivyo una gharama yake, kwani gari na mafuta viko mikononi mwa kamanda, ilhali jalada liko mikononi mwa mpelelezi.

Safari ya jalada huanzia kaunta. Malalamiko huandikwa kwanza katika kitabu cha matukio ya kituo, na mlalamikaji hupewa namba ambayo Waganda wote huiita SD. Ikionekana kwamba kuna kosa la jinai, taarifa huhamishiwa katika daftari la makosa, CRB, nayo hupata namba ya pili, jalada hufunguliwa, na mpelelezi mmoja hukabidhiwa. Namba hizi mbili zina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tukio lisiloandikwa halina mwenye kulijibia, na mtu aliyekamatwa bila jina lake kuingizwa kitabuni anaweza kutafutwa na ndugu zake kituo kwa kituo wakiambiwa kila mahali kwamba hayupo.

Kutoka hapo mpelelezi anawategemea wengine kwa karibu kila hatua. Maofisa wa eneo la tukio hupiga picha, huchukua alama za vidole na kufunga vielelezo, yaani vitu vitakavyoonyeshwa mahakamani, kwa namna ambayo kila mkono vinaopitia unaandikwa. Kikosi cha mbwa huitwa mapema, kabla nyayo hazijakanyagwa na umati, na ingawa wanakijiji humwamini mbwa kuliko shahidi yeyote, mahakama hutaka ushahidi wake uungwe mkono na ushahidi mwingine. Aliyejeruhiwa hupewa fomu namba 3 ya polisi, PF3, ambayo daktari huijaza baada ya uchunguzi, na aliyedhulumiwa kingono hutumia fomu ya 3A. Miili hupelekwa katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale kwa uchunguzi wa chanzo cha kifo. Sampuli za damu na za sumu husafiri hadi Maabara ya Uchunguzi ya Serikali iliyoko Wandegeya, Kampala, ambayo, na hili linafaa kuzingatiwa, haiko chini ya polisi bali chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Jinja iko takriban kilomita 80 kutoka Kampala na Mbale iko zaidi ya 200, na tofauti hiyo ya barabara ni tofauti ya kweli katika uhai wa kesi, kwa maana kila kielelezo kinachosafiri kinahitaji ofisa wa kukisindikiza, nauli, na saini upande wa pili.

Wakati huo saa inahesabu. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mshukiwa aliyewekwa kizuizini afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 iwapo hajaachiliwa, na ibara ya 120 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kuwaelekeza polisi wachunguze jambo lenye sura ya jinai. Mwanasheria wa serikali kutoka ofisi ya Mkurugenzi huyo hulisoma jalada na kuamua kama linafaa kwenda mbele. Akiona pengo, hulirudisha kwa maelekezo. Kesi nyingi hufia katika safari hizi za kwenda na kurudi. Pasipo daktari wa kujaza fomu kabla ya saa hizo 48 kwisha, mpelelezi mwaminifu hana njia ila kumwachilia mshukiwa kwa dhamana ya polisi, nao majirani husema amehongwa.

Vipo vikosi vingine ambavyo raia hukutana navyo zaidi: usalama barabarani, ofisi ya ulinzi wa mtoto na familia, ambayo hupokea kesi za matunzo na ukatili wa nyumbani, na kikosi cha majini kinachohudumu Ziwa Victoria upande wa Jinja. Kwa Mbale, uzito uko kwa zimamoto na uokoaji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20 ndani na nje ya jiji; kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2010, maporomoko ya ardhi yalikifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na wengi hawakupatikana kabisa. Katika maafa ya namna hii kazi ya uokoaji hugeuka upesi kuwa kazi ya uchunguzi, kwa kuwa kila mwili sharti utambuliwe na kuandikwa kabla jamaa hawajazika.

Jinja, kwa upande wake, ina historia nzito zaidi, nayo inahusu kitengo kilichotolewa nje ya njia hii yote. Kituo cha polisi cha Nalufenya kilikuwa kimegeuzwa kuwa mahali pa kuwashikilia washukiwa wa ugaidi na makosa makubwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi; hata Jamil Mukulu, kiongozi wa waasi wa ADF aliyekamatwa Tanzania mwaka 2015, alipelekwa huko. Baada ya msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi pamoja na mlinzi na dereva wake tarehe 17 Machi 2017, washukiwa walioshikiliwa Nalufenya walifika mahakamani wakiwa na majeraha, na mwezi Mei picha za meya wa Kamwenge, aliyekuwa amekamatwa katika uchunguzi huohuo, zilionyesha vidonda vibichi miguuni. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe washukiwa 22 shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyopata. Sheria ya kuzuia mateso ilikuwa imeshapitishwa mwaka 2012, na Katiba ilikuwa inasema tangu mwanzo kwamba mtu aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Kilichokosekana ni njia ya kawaida ya jalada, yenye kitabu kinachoweza kukaguliwa, mwanasheria wa karibu na jamaa wanaoruhusiwa kuingia. Aprili 2018 Inspekta Jenerali mpya, Martin Okoth Ochola, alikifunga kitengo hicho, na Nalufenya ikarudi kuwa kituo cha kawaida.

Yafaa ikumbukwe kwamba haikuwa mara ya kwanza kitengo cha namna hii kuundwa. Operesheni Wembley, msako wa majambazi wenye silaha wa mwaka 2002, ilizaa kikosi cha kupambana na uhalifu wa mabavu, kikabadilishwa jina mwaka 2007, kikavunjwa mwaka 2011, na nafasi yake ikachukuliwa na kitengo cha upelelezi maalumu cha Kireka, karibu na Kampala. Kila mara jina lilibadilika baada ya malalamiko ya mateso, na kila mara hoja ilikuwa kwamba wapelelezi wa vituoni ni wachache na hawana vifaa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kuwapa OC CID wa Jinja na wa Mbale mafuta, maofisa wa eneo la tukio na maabara iliyo karibu, si kuunda kikosi kingine cha siri.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Anayepeleka malalamiko kituoni aombe namba ya SD na jina la mpelelezi, na anayefuatilia ndugu yake aliyekamatwa ahesabu saa 48 bila kuona haya. Asitoe hata shilingi kwa ajili ya dhamana ya polisi, kwa maana dhamana hiyo ni bure.