Paka Kafa, Mwenyewe Bado Yumo

Sema barazani kwamba fulani amefiwa na paka, uone nyuso zitakavyobadilika. Mmoja atacheka, mwingine atadhani umekosea kitenzi. Kufiwa kwetu ni kwa mtu, na kuna mambo yake: jamvi linatandikwa, kahawa inazunguka, majirani wanaingia na kutoka, siku zinahesabiwa mpaka matanga yaanuliwe. Paka akifa hakuna jamvi, hata huko Uingereza na Marekani ambako amekwisha kuhamia kitandani mwa mwenye nyumba. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani wa masuala ya msiba, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu anaumia, lakini hana haki ya kukaa chini akalia, watu wakaja. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis kilifungua laini ya simu kwa walioondokewa na wanyama wao, na mwaka 1994 shirika la Blue Cross la Uingereza likaanzisha huduma ya aina hiyo. Hata hivyo waliojitandikia jamvi hasa ni wenye paka wenyewe, ndani ya jumuiya za mtandaoni walizoziunda kwa shughuli nyingine kabisa, shughuli ya kuuguza. Humo imekua desturi ambayo mtu wa nje haielewi. Paka anakufa, mwenyewe haondoki.

Jumuiya hizi hujigawa kwa maradhi: kuna ya figo, kuna ya kisukari, kuna ya ule ugonjwa wa virusi ambao wenyewe huutaja kwa herufi zake tatu, FIP. Mtu huingia siku ile daktari wa wanyama alipomtajia ugonjwa, naye hajui hata kushika bomba la sindano. Hujulikana kwa jina la paka kabla ya jina lake, mama wa fulani au baba wa fulani, kama sisi tunavyoitana mama Asha na baba Juma. Paka akifa, jina halifutwi. Huongezewa alama ya bawa au ya malaika, na husemwa kwamba amevuka daraja, yaani daraja la upinde wa mvua, msemo uliotokana na maandishi mafupi ya mwaka 1959 ya Edna Clyne, binti wa Scotland aliyekuwa ameondokewa na mbwa wake, Major. Wenzake humwashia mshumaa, kila mmoja kwake. Hufuata kimya cha siku kadhaa, kisha mfiwa hurejea, na safari hii hana swali. Anajibu ya wengine. Mimi naona kurejea huku hakuhusiani na udhaifu wa mtu aliyeshindwa kusahau. Ndiko kunakoipa jumuiya elimu yoyote ya maana. Bila wafiwa ingekuwa chumba cha watu wenye hofu wanaoulizana wao kwa wao.

Chukua figo. Ugonjwa sugu wa figo ni wa kawaida mno kwa paka wazee, na haurudi nyuma. Madaktari huupanga katika ngazi 4 wakitazama kiwango cha kreatinini katika damu, na kwa kawaida kiwango hicho kinapoanza kupanda, sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha potea. Kinachobaki ni kuurefusha mwendo: chakula chenye fosforasi kidogo, dawa ya kichefuchefu, na maji ya dripu yanayoingizwa chini ya ngozi nyumbani. Jinsi ya kuyaingiza maji hayo, daktari huonyesha mara moja, kwa dakika tano, juu ya meza ya chuma ambako paka ameganda kwa woga. Nyumbani paka hagandi. Hapo ndipo utamkuta mwenye uzoefu akieleza: uutie mfuko wa dripu katika beseni la maji ya vuguvugu kwanza, maana maji baridi humshtua, uinue ngozi ya katikati ya mabega mpaka isimame kama hema, mdomo wa sindano utazame juu, sindano namba 18 hupitisha maji haraka lakini ni nene, namba 20 humwuma kidogo ila itabidi umshike muda mrefu zaidi. Na usitishike ukiona uvimbe unashuka mpaka kwenye mguu wa mbele, paka akatembea kama aliyebeba kibuyu upande mmoja. Ni yale maji tu, yatanyweka.

Sasa jiulize ni nani anayeyajua haya yote. Kwa kuwa ugonjwa huu haupoi, kila mwenye paka hai yumo njiani, hajaufika mwisho. Yule wa ngazi ya pili anaweza kumfunza wa jana namna ya kushika sindano. Hawezi kumwambia maana ya paka kuinamia bakuli la maji saa nzima bila kunywa. Hawezi kumjibu lile swali ambalo kila mmoja hulifikia na ambalo daktari, kwa adabu ya kazi yake, humrudishia mwenyewe: nitajuaje kwamba siku ya kumlaza kwa sindano asiamke tena imefika? Aliyeuona mwisho ni mfiwa peke yake. Kama desturi ingekuwa kwamba paka akifa mtu anaaga, basi kila siku jumuiya ingepoteza mtu yuleyule aliyeimaliza njia, ikabaki na wale walioianza. Ungekuwa unyago ambao kila mwanamke akishaolewa haruhusiwi kurudi, halafu watu washangae kwa nini hakuna makungwi.

FIP nayo inalionyesha jambo hili kwa upande mwingine, na kwa uchungu zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa na Jean Holzworth huko Boston mwaka 1963: virusi vya korona vya paka, ambavyo kwa wengi havileti zaidi ya kuharisha, hugeuka ndani ya mwili wa mmoja wao, tumbo likajaa maji ya rangi ya manjano, na paka, mara nyingi mdogo ambaye hajafika miaka miwili, hufa katika siku au wiki chache. Kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa hukumu ya kifo. Ndipo mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Davis wakachapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524: kati ya paka 31 waliodungwa, 26 walimaliza wiki 12 au zaidi, na 25 walihesabiwa kuwa wamenusurika. Kampuni ya Gilead, iliyokuwa na haki ya dawa hiyo, haikuitoa kwa matumizi ya wanyama. Pengo likazibwa na watengenezaji wa China waliouza bila leseni, na wenye paka wakawa wanajifunza wenyewe kudunga kila siku kwa siku 84, saa ileile, wakimpima paka uzito kila wiki kwa sababu dozi hufuata uzito, na paka anayepona huongezeka. Bei ya tiba nzima ilifika maelfu ya dola.

Katika mazingira hayo ilizuka mila ya vichupa. Dawa iliyoagizwa mbali huchukua siku kufika, na paka mwenye tumbo lililojaa maji hana siku za kungoja. Lakini mtaa wa tatu yupo mtu ambaye paka wake alikufa siku ya kumi ya tiba, na kwenye droo yake vimebaki vichupa vinne. Jumuiya humwomba, kwa upole, naye hutoa. Haviratibiwi na sheria yoyote, na aghalabu haviuzwi. Mgeni anayepanda gari usiku kuvifuata hukutana mlangoni na mtu mwenye macho mekundu anayemwonyesha, kwa mikono yake, namna ya kuvuta dawa bila povu, na anayemwonya kwamba dawa inachoma, paka atalia, usimwachie. Somo la kwanza la tiba limetolewa na aliyeshindwa. Mtu akilitazama kwa haraka ataona kinyume cha akili. Kwa jicho langu ndiyo akili yenyewe.

Fikiria hesabu ya Pedersen tena. Watafiti walilazimika kuwaandika na wale ambao hawakufika mwisho. Ndivyo utafiti unavyokwenda. Jumuiya haina karani wa kuilazimisha. Ambaye paka wake alipona, baada ya siku zake 84 za sindano na nyingine 84 za kumwangalia paka, ana sababu nzuri ya kwenda zake, na picha yake ya paka mnene inabaki ukutani. Ikiwa aliyefiwa naye anaondoka kwa huzuni au kwa aibu, kinachobaki ni picha za paka wanene tu. Mgeni atakayeingia kesho ataamini kwamba dawa haishindwi, na wake akifa atajiona yeye ndiye muuaji. Mfiwa anayebaki ndiye anayeinyoosha hesabu. Yeye ndiye anayesema: wangu alidungwa kwa wakati, kwa kipimo sawa, na bado alikufa. Hakuna tarakimu inayoweza kusema hivyo kwa sauti ya mtu.

Pingamizi la kwanza ni la kiafya, nalo lina uzito: mtu anayeketi kila siku na wagonjwa wa ugonjwa uliomwulia wake anajikwaruza kidonda. Freud, mwaka 1917, alieleza maombolezo kama kazi ya kuung'oa moyo kutoka kwa aliyekufa ili uweze kupenda kwingine, na wengi bado huwashauri wafiwa hivyo, toka, sahau, chukua paka mwingine. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walikusanya ushahidi wa kinyume, kwamba wafiwa wengi hawaukati uhusiano bali huubadilisha. Hili kwetu halihitaji kitabu. Eda ya miezi 4 na siku 10 humwekea mjane mipaka, na mipaka inapokwisha hakuna anayemwambia amsahau marehemu. Na mjane mpya anapopatikana mtaani, ni yeye anayeitwa akakae naye. Kinachoangaliwa ni kama mtu amebadili mahali pa kukaa. Yule ambaye baada ya mwaka bado anasimulia usiku uleule, kwa maneno yaleyale, kila mgeni akiingia, huyo angefanya vyema kupumzika, na jumuiya zenye busara humwambia hivyo faraghani. Sidai kwamba kila mfiwa abaki. Si kila mwanamke anakuwa kungwi, na wachache wanatosha.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Mfiwa huona paka wake katika kila paka. Aliyechelewa kumlaza wake atawahimiza wengine waharakishe. Aliyeharakisha atawaambia wangoje. Kwenye kisukari hatari yake ni ya mara moja, maana insulini iliyozidi kidogo inaweza kumwua paka jioni hiyohiyo, na ushauri wa mtu mwenye machungu hauna breki. Kweli kabisa. Dawa yake wenyewe wameibuni katika taratibu zao: mgeni wa kisukari haambiwi lolote juu ya dozi kabla hajataja kipimo cha sukari alichokipata leo kwa tone la damu la ukingo wa sikio. Wa figo huulizwa kreatinini. Wa FIP huulizwa uwiano wa albumini na globulini, kwani ukizidi 0.8 ugonjwa huo hauelekei kuwa wenyewe. Namba hutangulia, kisa hufuata. Na ajabu ni kwamba wanaoisimamia kanuni hiyo kwa ukali zaidi ni haohao wafiwa, kwa kuwa baadhi yao walifiwa kwa kutoulizwa namba. Palikuwa pia na waliogeuza msiba kuwa duka siku zile dawa ilipopita njia za panya. Hilo lilitokea, na kulikana ni kujidanganya.

Na paka ni paka tu? Anayesema hivyo kwa jina la dini akumbuke kwamba sahaba Abu Qatada aliinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, akaeleza alichokisikia kwa Mtume juu ya wanyama hao wanaotuzunguka majumbani. Anayesema kwa jina la ufukara ana hoja bora zaidi, maana dola elfu kadhaa kwa paka mmoja, katika dunia ambamo mtu mzima anakosa insulini, ni jambo la kumfanya mtu anyamaze kidogo. Lakini fedha hizo zilitumika paka akiwa hai. Kubaki baada ya kifo chake hakugharimu kitu ila muda wa jioni, na ujuzi wa kukaa na anayeuguza haubagui anayeuguzwa.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Uingereza iliruhusu dawa ya FIP kwa njia halali mwaka 2021. Mwaka 2023, maradhi yalipofyeka paka wa Kupro, serikali ya huko ilikubali vidonge vya UVIKO vilivyobaki ghalani vitumike kwa paka. Marekani ilifuata mwaka 2024, na sasa daktari huandika cheti, mtu akaenda kwa mfamasia, na mara nyingi ni kidonge, sindano hakuna. Droo za vichupa zimeanza kuwa tupu. Kwenye jumuiya za figo, ambako bado hakuna dawa ya kuponya, maboksi bado yanatembea: mifuko ya dripu ambayo haijafunguliwa, pakiti ya sindano namba 20, makopo sita ya chakula alichokikataa paka, mizani ndogo ya kumpimia. Juu ya boksi mtoaji huandika tarehe ya mwisho ya kutumika na jina la paka.