Mwani na mionzi: vinara sita, kuanzia mpakani Songwe

Ukiwa Tunduma, malori yamejipanga kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, habari za mwani huonekana ni za watu wa Pwani. Ila mkoa wa Songwe unapakana pia na Malawi, nchi inayochimba urani, na mwani ni miongoni mwa vitu ambavyo watafiti wanavitumia kusafisha maji yenye mionzi. Hawa ndio vinara.

Mgodi wa urani ulio jirani zaidi: Kayelekera. Upo Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukasimama 2014 bei ilipoporomoka, ukarejea 2025. Maji ya eneo hilo huteremkia Mto North Rukuru, na mto huo huishia Ziwa Nyasa.

Mwani mrefu kuliko wote: Macrocystis pyrifera. Huyu wa Pasifiki huweza kurefuka sentimita 60 kwa siku na kufika mita 45. Ndani yake mna ute uitwao alijineti. Ute huo ukidondoshwa kwenye maji yenye chumvi ya kalisi, huganda ukawa punje ndogo. Punje zikitiwa kwenye maji machafu huachia kalisi na kushika urani. Zikichanganywa na rangi ya buluu ya Prussia, hunasa sesiamu ya mionzi; zikitiwa unga wa chuma chenye sumaku, huzolewa kwa sumaku zikishashiba.

Sugu kuliko wote: Coccomyxa actinabiotis. Ulikutwa Ufaransa, ukiishi ndani ya bwawa la kuhifadhia fueli ya nyuklia. Huhimili mionzi ya grei 20,000. Binadamu akipigwa grei 5 kwa mkupuo, kupona ni bahati.

Mchaguzi hodari: Closterium moniliferum. Ni wa maji baridi, umbo lake kama mwezi mwandamo. Strontiamu ya mionzi hufanana na kalisi hata mifupa yetu huipokea. Mwani huu huzitenganisha, ukaifungia strontiamu ndani ya fuwele pamoja na bariamu.

Mzalishaji mkubwa wa mwani Afrika: Tanzania. Zanzibar, ambako wakulima wengi ni wanawake, kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989. Lakini kinacholimwa ni mwani mwekundu, wa kutoa ute mwingine, karajini. Alijineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, ambao kwetu humea wenyewe miambani.

Mwenye umri mrefu: urani-238. Huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu. Ikioza hutoa heliamu, gesi ileile inayotafutwa Bonde la Rukwa, hadi Itumbula wilayani Momba. Kwa umri huo mwani hauna dawa: haufuti mionzi, huikusanya tu, uchafu uliotapakaa bwawa zima ukaenea kwenye ndoo ya punje. Kwa Tanzania, ndoo hiyo ingekuwa mzigo wa Tume ya Nguvu za Atomu, na kuitunza ni kazi ya vizazi.