Mama, Usingoje Maumivu

Mama mpendwa, wewe uuzaye makaa au sombe kando ya njia hapa Kabondo, maneno haya ni yako. Nawe mama ambaye mume wako hupokea mshahara, usiyapite, maana mbele utaona kwamba una kazi ndani yake. Na baba akiyasoma, amsomee mke wake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipokea wagonjwa katika zahanati moja. Akaingia mama mzee kidogo, mchuuzi wa mihogo. Alipofungua kikwembe chake niliona titi la kushoto limekuwa gumu kama ubao, tena lina kidonda chenye harufu. Nikamwuliza kwa sauti kali, "Mama, ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Hakujibu upesi. Alishika ncha ya kikwembe, akafungua fundo, akaweka noti zilizokunjamana juu ya meza. Kisha akasema, "Mwanangu, feza hizi nimeziweka tangu mwaka jana. Kila zilipokaribia kutosha, mjukuu mmoja alishikwa na malaria. Tena ule uvimbe ulipoanza ulikuwa mdogo kama punje ya karanga, wala haukuuma."

Niliona haya. Nilikuwa nimemhukumu kuwa mvivu, kumbe alikuwa akiokoa watoto wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine, kwa feza za titi lake.

UGONJWA HUU NI NINI?

Saratani ya titi, ambayo wengi wetu huiita kansere, ni ugonjwa wa chembe za mwili zinazozaliana bila utaratibu. Mwanzoni zinakaa mahali pamoja. Baadaye husafiri kwenda kwapani, mifupani, katika mapafu au ini. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja. Hautokani na kulogwa. Nusu ya wanawake wanaoupata hawana sababu nyingine inayojulikana ila kwamba ni wanawake, na umri wao umeongezeka. Wanaume pia huupata, ingawa ni wachache sana: kati ya wagonjwa 100, mwanamume hafiki zaidi ya 1.

Mwaka 2022 wanawake karibu milioni 2.3 duniani walionekana kuwa na ugonjwa huu, na watu 670,000 walikufa nao. Sasa angalia hesabu hii ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Katika nchi zenye maendeleo makubwa, mwanamke 1 kati ya 12 ataambiwa maishani mwake kwamba ana kansere ya titi, na 1 kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo madogo, kama Kongo yetu, ni 1 tu kati ya 27 atakayeambiwa, lakini 1 kati ya 48 atakufa. Maana yake, kule katika wagonjwa 6 hufa karibu 1. Kwetu hufa zaidi ya nusu. Ugonjwa unawapata wao zaidi, lakini unatuua sisi zaidi.

KWA NINI MASKINI HUCHELEWA?

Kwanza, uvimbe wa kansere mara nyingi hauumi mwanzoni. Mtu mwenye feza kidogo huzitumia kwa kile kinacholia: mtoto mwenye homa, jino, ada ya shule. Uvimbe usiouma hungoja. Na ukianza kuuma, mara nyingi umekwisha kukua sana.

Pili, bei ya kuonwa si bei ya karatasi tu. Mama akienda hospitali anapoteza siku ya soko. Atalipa toleka kwenda na kurudi. Akitoka Lubunga, atalipa na mtumbwi wa kuvuka mto. Akifika ataambiwa arudi kesho na feza za kipimo. Mwenye mshahara hupata hasara ya asubuhi moja, lakini mchuuzi hupoteza chakula cha jioni.

Tatu, anaogopa njia iliyo mbele. Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa mto ni kilometa zipatazo 1,700. Anajisemea, "Nikijua, nitafanya nini? Afadhali nisijue."

Nne, anaogopa kwamba titi litakatwa na mume atamwacha. Naye asiye na shamba wala nyumba kwa jina lake, akiachwa, atakwenda wapi?

Usifikiri mambo haya ni ya Kongo peke yake. Uingereza, tangu mwaka 1988, wanawake hupelekewa barua waje kupigwa picha ya matiti bila kulipa kitu. Siku hizi huitwa wenye miaka 50 mpaka 71, kila miaka 3. Hata hivyo, katika mitaa ya maskini wanaofika ni wachache kuliko katika mitaa ya matajiri. Basi kuondoa malipo ni jambo jema, lakini halitoshi. Lazima uchunguzi umsogelee mama pale alipo.

UCHUNGUZI ULIO KARIBU NASI

Mashine ya picha ni ghali, tena yahitaji umeme na mafundi. Lakini kuna chombo kingine, nacho ni vidole vya mtu aliyefundishwa. Katika mji wa Mumbai, nchi ya Uhindi, kuanzia mwaka 1998, wanawake wa kawaida walifundishwa kwa majuma machache kupima matiti, wakaenda katika mitaa ya watu wa kipato kidogo. Wanawake zaidi ya 150,000 walifuatwa kwa miaka 20, nusu yao wakipimwa na nusu wakipewa mafundisho tu. Mwaka 2021 matokeo yalitangazwa: kwa wale wa miaka 50 na zaidi waliopimwa, vifo vya kansere ya titi vilipungua karibu 30 katika kila 100. Kwa wale walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua vivyo hivyo. Ugonjwa uligunduliwa mapema, bila mashine kubwa.

Wazee wa pande zetu wanajua njia hii. Katika miaka ya 1920, malale yalipokuwa yakimaliza vijiji, mganga Clement Chesterman wa misioni ya Yakusu, hapo chini kwenye mto, hakungoja wagonjwa wafike kwake. Alifundisha wauguzi Wakongomani, nao wakawafuata watu vijijini, wakigusa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Kilichofanyika kwa shingo chaweza kufanyika kwa titi.

WEWE FANYA HIVI

Kila mwezi, siku chache baada ya damu kwisha, yatazame matiti yako na kuyagusa wakati wa kuoga. Ikiwa damu imekoma kwa umri, chagua siku moja ya mwezi. Kujigusa hakuchukui nafasi ya kupimwa. Faida yake ni kwamba utajua titi lako likoje siku zote, na likigeuka utatambua. Nenda kwa mganga au muuguzi bila kukawia ukiona:

1. Uvimbe au ugumu ndani ya titi au kwapani, hata kama hauumi;
2. Titi moja limebadilika ukubwa au umbo;
3. Ngozi imebonyea, au imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa;
4. Chuchu imeingia ndani, nayo haikuwa hivyo;
5. Chuchu inatoa damu, au maji yasiyo maziwa;
6. Kidonda au upele kwenye chuchu usiopona.

Usitishike. Vimbe nyingi za titi si kansere. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kutazama tu, wala kwa kuota ndoto. Omba Mungu, ndiyo, ila usiombe mahali pa kwenda. Omba ukiwa njiani.

Siku unapomleta mtoto kupimwa uzito, au unapokuja kwa mimba, mwambie muuguzi, "Nipime na matiti." Siku hiyo umekwisha kuiacha biashara, na toleka umekwisha kuilipa. Usirudi nyumbani bila kuuliza.

KWA KANISA NA KWA BABA WA NYUMBA

Mama wenye nafasi, kazi yenu ndiyo hii. Mnajua likelemba, kila mwezi feza zamwangukia mmoja. Je, kundi la mama wa kanisa haliwezi kuweka kidogo pembeni, kwa ajili ya yule atakayeona uvimbe? Mmoja wenu amsindikize, mwingine amwuzie mihogo siku hiyo, mwingine apike kwa watoto wake. Mama aliyesindikizwa hurudi kuchukua majibu. Aliye peke yake mara nyingi harudi.

Nawe baba, mke wako akikuambia, "Naona kitu katika titi," usiseme, "Tungoje mwisho wa mwezi." Uvimbe mdogo waweza kuondolewa, na mama akaishi kulea wajukuu. Uvimbe ulioachwa utakula feza nyingi kuliko zile ulizozuia, na mwisho utamchukua na mama mwenyewe.

Yule mama wa mihogo alizikwa kabla ya mwaka kwisha. Noti zake nilimrudishia siku ileile, maana hazikuweza tena kununua alichohitaji. Tangu hapo simwulizi mgonjwa kwa nini amechelewa. Namwuliza, "Mama, ni kitu gani kilikuzuia?" Kisha nakaa, namsikiliza.

MASWALI KWA MKUTANO WA MAMA

1. Kwa nini uvimbe usiouma ni wa hatari?
2. Katika mtaa wenu, ni kitu gani humzuia mama maskini asifike kupimwa?
3. Ni nani kati yenu atakayemsindikiza wa kwanza, na siku gani?