Je, Wajua? Kila Waya wa Taa za Krismasi Una Saa Yake

Waya wa taa za Krismasi, kama ule unaouzwa Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, mwaka unapokaribia kwisha, huonekana kuwa kitu sahili: taa ndogo za rangi, plagi, na kijisanduku cha plastiki chenye kitufe kimoja. Ndani ya kijisanduku hicho, hata hivyo, mna chipu iliyokwisha kupangiwa michezo yake kiwandani, kwa kawaida minane, na mwenye nyumba hana uwezo juu yake ila kubonyeza kitufe na kuchagua mmojawapo. Taa zenyewe ni LED, yaani diodi zitoazo mwanga, ambamo elektroni hushuka kutoka kiwango cha juu cha nishati hadi cha chini na kuitoa tofauti hiyo kama nuru. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo rangi inavyosogea kutoka nyekundu kuelekea buluu. LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini ya buluu yenye mwanga mkali ilisubiri hadi miaka ya 1990, na waliofanikisha kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Mwendo unaoonekana katika taa hizo ni kiinimacho. Taa zimegawanywa katika makundi, mara nyingi manne, yaliyopishana kwenye waya mmoja, hivi kwamba taa ya kwanza, ya tano na ya tisa ni za kundi moja. Chipu inapoyawasha makundi hayo kwa zamu, jicho huona nuru ikikimbia ilhali hakuna taa iliyosogea.

Ugumu huanza nyumba moja inapowekewa nyaya nne au tano na mwenyewe akataka zicheze pamoja. Kila chipu huhitaji kitu cha kuhesabia muda, na katika nyingi zilizo rahisi kitu hicho ni saketi ndogo ambayo kasi yake hubadilika kidogo kwa joto na kwa tofauti za vipuri. Nyaya mbili zilizotoka katoni moja zikitofautiana kwa asilimia 2 tu, baada ya dakika moja zitakuwa zimeachana kwa sekunde 1.2, na baada ya dakika kumi kwa sekunde 12, jambo linalotosha kuvuruga mchezo wowote.

Zipo chipu nyingine ambazo hazijitungii saa bali huhesabu midundo ya umeme wa ukutani, ambao katika Kenya na Uganda hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hapa mpaka una jambo la kustaajabisha. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na kabla ya muongo huo kwisha umeme wake ulikuwa ukisafirishwa hadi Kenya kupitia Tororo. Mitandao miwili iliyounganishwa namna hiyo hulazimika kudunda kwa kasi moja, kwa hiyo waya wa taa uliochomekwa Busia ya Kenya na mwingine uliochomekwa Busia ya Uganda, iwapo zote mbili huhesabu midundo ya mtandao, zitaendelea sambamba usiku kucha bila kujali forodha. Tofauti ya awamu kati ya nyumba na nyumba ni ya sehemu chache tu za elfu za sekunde, nayo jicho haliioni.

Kudunda kwa kasi moja si kuanza pamoja, na hapa ndipo kukatika kwa umeme, kero iliyozoeleka, kunapogeuka kuwa msaada: umeme unaporudi, chipu zote za mtaa huanza upya kwa wakati mmoja kutoka hatua ya kwanza, isipokuwa zile zenye kumbukumbu ya mchezo uliochaguliwa. Watengenezaji wa maonyesho ya taa yanayofuata muziki hutumia hila hiyohiyo kwa makusudi. Kompyuta huamuru relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ikate na kurudisha umeme wa nyaya zote mwanzoni mwa kila ubeti, kabla saa zake hazijaachana sana. Nyaya hizo hazifai kwa midundo ya haraka, kwa sababu ukizima na kuwasha mara tatu kwa sekunde chipu haitoki hatua ya kwanza, wala hazifai kupunguziwa mwanga kwa kifaa cha kufifisha, kwani chipu hudai umeme uliotulia. Kazi yake bora ni kujaza mandhari huku taa nyingine zikifuata ngoma.

Taa hizo nyingine ni zile ambazo kila moja ina chipu yake ndani. Katika aina maarufu ya WS2812, taa ya kwanza hupokea mfululizo wa data, huchukua biti 24 zinazoihusu, na kupitisha zilizobaki kwa jirani yake. Biti 24 huweza kutaja rangi zaidi ya milioni 16, na taa 100 huamriwa zote katika muda wa takribani sekunde 0.003.

Katika vijiji vya Bukhayo, eneo la Busia ya Kenya, ambako nyumba nyingine hupata umeme wa jua, betri haina mdundo wowote wa kuhesabu, na kuwasha nyaya zote kwa swichi moja hutuliza mambo kwa dakika chache tu. Lililo imara zaidi ni kutumia kijisanduku kimoja kuendesha nyaya kadhaa za aina moja na volti moja, mradi swichi zake za ndani zimudu mkondo wote. Kwa taa za volti 240 kazi hiyo ni ya fundi, kwa kuwa vingi kati ya vijisanduku hivyo havina transfoma, na umeme wa ukutani hufika moja kwa moja hadi kwenye taa inayoning'inia mvuani.