Paka wa Ndani Anapokataa Trei Yake

Paka anayeishi ndani ya fleti muda wote hana uwanja wala uchochoro wa kujisaidia. Choo chake ni trei au beseni lenye mchanga, na kwa kawaida hahitaji mafunzo marefu ili alitumie. Paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame, na hulka ya kuparua mchanga na kufukia uchafu imebaki katika damu yake. Kwa hiyo paka aliyezoea usafi akianza kukojoa kwenye zulia, godoro au nyuma ya kochi, kuna jambo lililobadilika: katika mwili wake, katika trei au katika nyumba. Wengi hudhani ni ukorofi au kisasi. Dhana hiyo humwacha paka na tatizo lake, na wakati mwingine humgharimu uhai.

Ugonjwa kwanza

Kabla ya kugusa trei, ni lazima kujua kama paka ni mzima. Kibofu chenye uvimbe au mawe hufanya kukojoa kuume. Paka huhusisha maumivu hayo na mahali alipoyapata, akaikimbia trei na kutafuta pengine. Kisukari na maradhi ya figo huongeza wingi wa mkojo, kuhara humkuta kabla hajafika, na paka mzee mwenye maumivu ya viungo hushindwa kuruka ukingo mrefu. Dalili za kuangalia ni kwenda kwenye trei kila mara, kuchuchumaa muda mrefu, kulia, kutoa matone tu, mkojo wenye damu, na kujilamba sana sehemu za siri.

Kwa paka dume dalili hizi ni za hatari zaidi. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na huziba kwa urahisi. Ukiziba, sumu ambazo zingetoka na mkojo hurudi katika damu, moyo huvurugika, na paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kukojoa au kuweka alama

Paka anayejisaidia huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni. Anayeweka alama husimama, huinua mkia unaotetemeka, kisha hurusha mkojo kidogo ukutani, mlangoni au kwenye pazia. Huo ni ujumbe kwa paka wengine, na hutolewa zaidi na madume wasiohasiwa, ingawa majike nao huweza kufanya hivyo. Kuhasiwa huikomesha tabia hiyo kwa madume wengi. Kama paka wa jirani huja dirishani kila jioni, kumzibia wa ndani asimwone husaidia pia.

Trei na mchanga wake

Trei nyingi za dukani ni ndogo mno. Inayofaa ina urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka, kuanzia puani hadi shina la mkia, ili aweze kugeuka na kufukua. Beseni pana la plastiki la kufulia hutosha kabisa. Kwa kitoto na kwa paka mzee, upande mmoja ukatwe uwe chini, na makali ya plastiki yalainishwe. Idadi ya trei iwe sawa na idadi ya paka, na moja ya ziada: paka wawili, trei tatu. Zitawanywe, kwa kuwa trei tatu zilizopangwa pamoja zinaweza kulindwa na paka mmoja mbabe, na mwenzake akakosa njia.

Hadi katikati ya karne ya 20, wafugaji wa Marekani walijaza trei kwa majivu, mchanga au udongo. Mwaka 1947 Ed Lowe wa jimbo la Michigan alimpa jirani yake punje za udongo mkavu wenye uwezo wa kunyonya unyevu, na biashara ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Baadaye ukaja mchanga wa bentonaiti, ambao hushikana na kuwa donge unapolowa. Paka wengi huupenda kwa kuwa punje zake ni laini kwenye nyayo. Manukato yaliyowekwa kumfurahisha binadamu huweza kumfukuza paka, ambaye pua yake ni kali zaidi.

Asiyemudu mchanga wa dukani anaweza kutumia mchanga wa kawaida uliochekechwa na kuanikwa juani, au unga wa mbao zisizotiwa dawa. Hivi havishikani vizuri, hivyo hubadilishwa mara nyingi zaidi. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Madonge na kinyesi vizolewe walau mara moja kwa siku, na trei nzima ioshwe kwa sabuni isiyo na harufu kali. Dawa za kusafishia zenye fenoli, ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji, ni sumu kwa paka.

Kuzoa kila siku humlinda pia binadamu. Kimelea cha toksoplazma kikitoka katika kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito aachie wengine kazi hiyo, au avae glavu na kunawa mikono.

Mahali pa utulivu

Trei ikae mbali na chakula na maji, mbali na mashine ya kufulia na mlango unaogongwa ovyo. Paka hujisaidia akiwa macho, na kona isiyo na njia ya kutokea humtia hofu. Mtoto mchanga, wageni au kuhama nyumba pia humvuruga, hivyo ratiba ya chakula na michezo isibadilike ghafla.

Kumrudisha kwenye mazoea

Mahali palipochafuliwa paoshwe kwa sabuni yenye vimeng'enya, kwa sababu harufu inayobaki humwita paka arudie. Klorini ya kufulia isimwagwe juu ya mkojo: ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu. Kumpiga paka au kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kumwogopa mtu tu, kisha hujificha akajisaidie uvunguni.

Tabia ikiwa imekomaa, paka awekwe katika chumba kidogo chenye trei safi, na upande wa pili kitanda, chakula na maji. Mwenye nyumba amtembelee na kucheza naye mara nyingi. Akishaitumia trei bila kukosea kwa siku kadhaa, afunguliwe chumba kimoja zaidi, kisha kingine. Akikosea tena, arudishwe hatua moja nyuma. Na makosa yakiendelea ilhali trei ni safi na nyumba imetulia, arudi kwa daktari apimwe mkojo upya.